Reli ya Moloto: Madai ya Wasafiri wa Usiku



Mazungumzo yetu ya leo yanahusu reli ambayo haipo. Ni reli iliyodaiwa, ikaahidiwa, ikapimwa kwenye makaratasi, ikatiwa saini katika nchi ya mbali, na hadi leo hakuna hata taruma moja lililolazwa ardhini kwa ajili yake. Wanaoidai ni wakazi wa vijiji na vitongoji vilivyotapakaa kaskazini-mashariki ya Pretoria, nchini Afrika Kusini, katika eneo ambalo zamani za utawala wa makaburu liliitwa KwaNdebele. Barabara yao kuu inaitwa Moloto, na kwa hiyo reli wanayoidai nayo imepewa jina hilo hilo kabla haijazaliwa.

Huenda msikilizaji akauliza: yapo madai mengi ya barabara, madaraja na reli katika Afrika yetu, kwa nini tuhangaike na hili la watu wa mbali? Sababu ni kwamba, katika habari hii, mtu anaweza kuona waziwazi jinsi umbali kati ya nyumba ya mfanyakazi na mahali pake pa kazi unavyoweza kutengenezwa kwa makusudi na watawala, na jinsi inavyokuwa vigumu kuufuta umbali huo hata baada ya watawala wale kuondoka.

Tuanze na basi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mpiga picha mashuhuri wa Afrika Kusini, David Goldblatt, alipanda mabasi yaliyowachukua wafanyakazi kutoka KwaNdebele kwenda Pretoria. Picha zake, zilizotolewa kwa kitabu mwaka 1989, zinaonyesha basi la kwanza likifika kituoni kati ya saa nane na saa tisa za usiku. Ndani yake wamo wanaume na wanawake waliolala wameketi, wamejifunika mablanketi, vichwa vimeegemea madirisha au mabega ya jirani, na wengine wamesimama wakiwa wamefumba macho. Wale waliokaa mbali zaidi walitumia hadi saa nane kwa siku ndani ya basi, kwenda na kurudi. Mtu akiondoka nyumbani saa nane za usiku na kurejea saa mbili za usiku unaofuata, anabakiwa na saa sita za kula, kuoga, kuwaona watoto wake na kulala. Sisi tunaoamka saa kumi na moja alfajiri na kuona kwamba tumeonewa, tuna la kutafakari hapo.

Je, watu hawa walifikaje huko? Hapana mfanyakazi mwenye akili timamu anayechagua kujenga nyumba yake kilomita mia moja na zaidi kutoka kwenye mkate wake. Jibu linaanzia mbali. Mwaka 1883, baada ya vita vya miezi mingi na mazingiwa yaliyoleta njaa kali, makaburu wa Jamhuri ya Transvaal waliushinda ufalme wa Wandebele uliokuwa chini ya Nyabela. Mfalme alitiwa gerezani, ardhi ikagawiwa kwa wazungu, na raia wake wakatawanywa kwenye mashamba ya washindi kufanya kazi kwa mkataba wa miaka mitano, mkataba ambao wao hawakuuandika wala hawakuulizwa. Kwa hiyo, karibu karne moja baadaye, serikali ya ubaguzi wa rangi ilipoamua kuwatengenezea Wandebele kile ilichokiita nchi yao, Wandebele hawakuwa na nchi ya kurudishiwa. Ilibidi itafutwe. Yakanunuliwa mashamba makavu ya wazungu, yakaunganishwa vipande vipande, na mwaka 1981 eneo hilo likatangazwa kuwa lenye kujitawala.

Watu wakamiminika huko, lakini si kwa furaha. Wengine walifukuzwa mashambani, ambako wazazi na mababu zao walikuwa wamelima kwa vizazi. Wengine walitoka Winterveld, katika bantustani ya Bophuthatswana, ambako hawakutakiwa kwa sababu hawakuwa Watswana. Wengine walikuwa wakaazi wa mijini ambao sheria za pasi hazikuwaruhusu kupata nyumba karibu na viwanda. KwaNdebele haikuwa na viwanda vya maana, wala migodi, wala mji. Ilikuwa na watu na vumbi. Kazi zilibaki Pretoria, na kati ya kazi na watu ikabaki barabara ya Moloto.

Mwandishi wa Kimarekani Joseph Lelyveld, aliyeandika kitabu juu ya Afrika Kusini mwaka 1985, alifuatilia hesabu ya mabasi hayo, na hesabu yake inafaa kusomwa polepole. Mwaka 1979 yalikuwa mabasi mawili kwa siku. Mwaka 1980 yakawa 66. Mwaka 1981 yakawa 105, mwaka uliofuata 148, mwaka 1983 yakafika 220, na mwaka 1984 yalikuwa 263. Katika miaka mitano tu mabasi mawili yamekuwa mia mbili sitini na matatu! Nauli ya kweli ya safari hiyo ndefu ilikuwa kubwa kupita mshahara wa kibarua au mtumishi wa nyumbani, na kwa hiyo serikali ilikuwa ikilipa kampuni ya mabasi ruzuku ambayo, kwa hesabu ya mwandishi huyo, ilizidi dola 1,000 kwa mwaka kwa kila msafiri. Kwa fedha hizo zilizogeuka moshi barabarani ingewezekana kuwajengea wafanyakazi wale wale nyumba karibu na kazi zao. Lakini kusudi la ubaguzi wa rangi halikuwa kuweka akiba. Lilikuwa kumpata mtu mweusi mchana kama nguvukazi na kumwondoa usiku kama raia.

Hapa linazuka swali ambalo wapiganiaji wa reli wamekuwa wakiuliza. Ikiwa serikali ile ilikuwa tayari kutumia mamilioni kuwasafirisha Waafrika, kwa nini haikujenga reli? Maana mahali pengine ilijenga. Reli za abiria zilipelekwa Mabopane, kaskazini-magharibi ya Pretoria. Zilipelekwa Umlazi na KwaMashu karibu na Durban. Na katika miaka ya 1980 zilifika Mitchells Plain na Khayelitsha, nje ya Cape Town. Treni ya kitongoji katika Afrika Kusini ilikuwa chombo cha ubaguzi kama ilivyokuwa pasi. Iliwezesha mji kuwa na wafanyakazi bila kuwa na majirani. Kwa maoni yangu, KwaNdebele ilikosa hata reli ya namna hiyo kwa sababu ilikua haraka mno na bila mpango. Reli huhitaji miaka ya kupima na kujenga; basi huhitaji dereva na mafuta. Kila mwaka ilikuwa rahisi zaidi kuongeza mabasi arobaini kuliko kukaa chini na kukiri kwamba umejengwa mji wa siri wa malaki ya watu porini.

Watu wa KwaNdebele hawakunyamaza. Mwaka 1986, makaburu na vibaraka wao walipotaka kuipa bantustani hiyo uhuru wa bandia, wananchi waliinuka, vijana kwa wazee, na damu nyingi ilimwagika. Mwezi Agosti mwaka huo uhuru huo ulikataliwa. Mwaka huo huo sheria za pasi zikafutwa. Na mwaka 1994, wazalendo walipoingia madarakani, KwaNdebele ilifutika kwenye ramani na kuwa sehemu ya jimbo la Mpumalanga. Barabara ya Moloto haikufutika. Mabasi yaliendelea kuondoka usiku, yakiwa yamebeba watu wale wale ambao sasa walikuwa na haki ya kupiga kura.

Barabara hiyo, ambayo kwenye ramani ina namba R573, inapita katika majimbo matatu: Gauteng, Mpumalanga na Limpopo. Kwa miaka mingi ilikuwa nyembamba, njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, bila kizuizi katikati, bila taa sehemu nyingi, na vijiji vikiwa vimejipanga pembeni kabisa ya lami, hata watoto na mifugo kuvuka kati ya magari. Ongeza juu ya hayo mamia ya mabasi, mabasi madogo ambayo wao huyaita teksi, malori, na madereva waliochoka kama abiria wao, wote wakikimbilia mahali pamoja kwa saa moja kabla ya mapambazuko. Matokeo yake yanajulikana. Wananchi wenyewe wameiita barabara ya mauti. Jioni ya tarehe 11 Novemba 2013, basi lililokuwa likiwarudisha wafanyakazi kutoka Pretoria liligongana na lori karibu na Kwaggafontein. Wapatao thelathini walikufa. Walikuwa wamekwisha maliza kazi ya siku. Kilichobaki kilikuwa kufika nyumbani.

Ajali hiyo ndiyo iliyoirudisha reli ya Moloto kwenye kurasa za mbele za magazeti, lakini madai yalikuwa ya zamani zaidi. Yalikuwa yakitolewa katika mikutano ya vijiji, katika vyama vya wasafiri, makanisani baada ya mazishi, na katika matawi ya vyama vya wafanyakazi. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, COSATU, katika jimbo la Mpumalanga limeyataja mara kwa mara. Wabunge wameyauliza bungeni. Wakati wa uchaguzi hayakosekani kamwe katika hotuba. Na ziko nyakati ambapo wananchi, wakiwa wamechoshwa na hotuba, wameifunga barabara yenyewe kwa mawe na matairi yanayowaka, jambo ambalo linawaumiza kwanza wao wenyewe, kwani siku barabara ikifungwa mshahara wa siku hiyo hukatwa.

Hoja ya wadai ni rahisi, na inaweza kupimwa kwa hesabu ya shule ya msingi. Tuchukue mabasi yale 263 ya mwaka 1984, na tuseme kila moja linachukua watu 65. Hao ni watu wapatao 17,000. Treni mpya za umeme zinazoundwa sasa nchini humo, za mabehewa sita, hubeba watu wapatao 1,200 kila moja. Treni kumi na tano basi zingewachukua wasafiri wote hao na nafasi ikabaki. Treni hizo zingepita kwenye njia yao wenyewe, pasipo lori la kugongana nalo uso kwa uso na pasipo foleni ya magari kwenye kingo za mji. Idadi ya wasafiri leo ni kubwa kuliko ya mwaka 1984, na kwa hiyo hoja haikupungua uzito. Juu ya hayo kuna muda. Treni isiyosimama ovyo inaweza kumrudishia msafiri saa moja au mbili za maisha yake kila siku. Mchumi anaweza kuuliza saa mbili hizo ni shilingi ngapi. Mama anayemkuta mtoto wake hajalala bado, hana haja ya kuuliza.

Ni vizuri hapa kueleza kwa nini jambo hili ni gumu kuliko linavyoonekana, maana wengi wetu tumeona treni za mjini zikianzishwa kwa muda mfupi. Mwezi Oktoba 2012 jiji la Dar es Salaam lilianza kuwa na treni za abiria asubuhi na jioni, kwenda Ubungo kwa reli ya kati na kwenda Mwakanga kwa reli ya TAZARA. Mwezi uliofuata Nairobi ilifungua kituo kipya cha Syokimau, kando ya njia kuu ya zamani ya Mombasa. Katika miji yote miwili reli ilikuwepo tayari, imelala hapo tangu zamani; kilichotakiwa ni mabehewa, vituo, ratiba na utashi. Moloto haina bahati hiyo. Kati ya vijiji vya KwaNdebele na Pretoria hakuna njia ya reli ya kufufua. Lazima itwaliwe ardhi, walipwe fidia wenye nyumba na mashamba, yajengwe madaraja kila mahali njia inapokutana na barabara, uvutwe umeme, viwekwe vyombo vya ishara, na ipatikane karakana ya kulaza na kutengeneza treni. Kila kilomita inagharimu fedha nyingi kabla hajasafiri abiria hata mmoja.

Kisha kuna swali la upana wa reli, ambalo watu wa kawaida hulipuuza, lakini wahandisi hawalipuuzi. Reli za kawaida za Afrika Kusini zina upana wa milimita 1,067, sawa na TAZARA. Ukiijenga ya Moloto kwa upana huo, treni zake zinaweza kuingia moja kwa moja katika stesheni za Pretoria na kuendelea hadi kwenye maeneo mengine ya viwanda. Ukiijenga kwa upana wa milimita 1,435, ambao ndio unaotumika katika sehemu kubwa ya dunia, treni zitakwenda kasi zaidi, lakini abiria atalazimika kushuka mjini na kupanda nyingine. Kwa mtu aliyeamka saa nane za usiku, kushuka na kupanda tena si jambo dogo.

Serikali ya Afrika Kusini haiwezi kusema kwamba haikuyasikia madai. Tangu miaka ya 2000 mradi huu umekuwa katika mipango ya Wizara ya Uchukuzi, na upembuzi yakinifu umefanywa zaidi ya mara moja. Mwezi Desemba 2014, Rais Jacob Zuma alipofanya ziara rasmi nchini China, yalitiwa saini makubaliano ya ushirikiano kuhusu reli hiyo kati ya Shirika la Reli ya Abiria na wajenzi wa Kichina. Vijijini watu walishangilia. Lakini makubaliano ya kushirikiana si mkataba wa kujenga, na mkataba wa kujenga si fedha. Baada ya hapo faili lilirudi mahali ambapo miradi mingi ya Afrika hukwama, nayo ni Hazina.

Tuwatendee haki wenye Hazina kwa kuzieleza hoja zao. Wanasema kwamba reli ya namna hii hujaa kwa saa mbili alfajiri kuelekea mjini, ikajaa tena kwa saa mbili jioni kuelekea vijijini, na muda uliobaki treni hukaa bure zikiwa zinakula gharama. Hakuna mzigo mzito wa makaa au madini wa kuisaidia kulipa. Nauli ambayo wafanyakazi hawa wanaweza kuimudu haiwezi kurudisha mtaji, wala haitoshi hata kuendesha treni zenyewe, kwa hiyo ruzuku inayolipwa sasa kwa mabasi haitakwisha, bali itahamia kwenye reli. Kwa fedha hizo hizo, wanasema, barabara inaweza kupanuliwa na mabasi yakaboreshwa, na bado zikabaki fedha za hospitali.

Hesabu hizo si za uongo. Hata hivyo mdai wa Moloto ana jibu moja ambalo ni vigumu kulikwepa. Katika nchi hiyo hiyo, mkoa huo huo wa Gauteng, ilijengwa reli ya kisasa iitwayo Gautrain, yenye urefu wa kilomita 80, inayounganisha Johannesburg, Pretoria na uwanja wa ndege wa kimataifa. Sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwezi Juni 2010, siku chache kabla ya Kombe la Dunia, na mwaka uliofuata ikafika Pretoria. Iligharimu zaidi ya randi bilioni 25. Nayo pia haijitegemei kwa nauli. Serikali ya mkoa huilipa kampuni inayoiendesha ili kuziba pengo la mapato. Ni reli nzuri, safi na inayokwenda kwa wakati, na sisi hatuna kinyongo nayo. Lakini wengi wa wanaoipanda ni watu ambao wangeweza kwenda kwa magari yao. Kwao fedha zilipatikana. Kwa wale wasio na gari, fedha zinatafutwa bado.

Yupo msanii mmoja wa Kindebele, Bibi Esther Mahlangu, ambaye dunia nzima inamjua kwa michoro ya rangi za kuta za nyumba za watu wake. Mwaka 1991 alilichora gari la kifahari la BMW kwa mitindo hiyo, na gari hilo limeonyeshwa katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani. Kijiji chake kiko huko huko. Nimekuwa nikifikiri kwamba gari lile limesafiri kwa raha na usalama zaidi kuliko majirani wa aliyelichora.

Kikwazo kingine hakitokani na Hazina wala na wazungu. Kinatokana na hali ya Shirika la Reli ya Abiria lenyewe, ambalo ndilo lingetazamiwa kuiendesha reli mpya. Mwaka 2013 shirika hilo liliingia mkataba wa randi bilioni 3.5 wa kununua vichwa vya treni 70. Vilipofika vichwa 13 vya kwanza, ikadhihirika kwamba baadhi ya treni hizo za dizeli ni ndefu mno kwenda juu kwa reli za nchi hiyo, na mwaka 2017 mahakama ikaufuta mkataba wote kwa sababu ya hila katika zabuni. Halafu ikaja mwaka 2020. Wakati nchi imefungwa kwa sababu ya maradhi ya UVIKO, na mikataba ya walinzi imekatishwa, wezi waliingia kwenye reli wakakata nyaya za shaba, wakang'oa mataruma, milango na hata mapaa ya stesheni. Njia nyingi za abiria zilisimama kabisa. Hata ile ya Mabopane, ndugu ya reli inayodaiwa na watu wa Moloto, ilikaa bila treni hadi ilipofunguliwa tena mwaka 2022. Katika hali hiyo ni nani atashangaa kama mwenye fedha anasita kukabidhi reli mpya kwa mikono iliyoshindwa kulinda ya zamani? Na ni nani atakayemweleza mfanyakazi wa Siyabuswa kwamba atasubiri kwa sababu ya wizi ambao hakuufanya?

Lakini hoja iliyo nzito kuliko zote huwa haisemwi kwa sauti kubwa. Wapo watu wema, wapangaji wa miji na wapinzani wa zamani wa ubaguzi, wanaosema kwamba kujenga reli ya Moloto ni kuuwekea mpango wa makaburu muhuri wa chuma. Miji ile ya porini, wanasema, haikupaswa kuwepo. Badala ya kuwasafirisha watu vizuri zaidi kwenda mbali, wajengewe nyumba mjini, karibu na kazi. Kwa karatasi, hoja hiyo ni safi. Kwa maisha ya watu, imechelewa. Mwaka 1984 ingekuwa sahihi kabisa. Leo kuna vizazi vitatu vilivyozaliwa na kuzikwa huko. Watu wamejenga nyumba za matofali kwa mishahara ya miaka arobaini, nyumba ambazo hakuna atakayezinunua kwa bei ya kumwezesha mtu kupata hata chumba Pretoria. Wana makanisa yao, machifu wao, shule zao na makaburi yao. Kuwaambia wahame ni kuwaambia kwa mara ya pili kwamba wanaishi mahali pasipo pao. Mimi naona kwamba mtu aliyelazimishwa kukaa mbali, na baadaye akapafanya mahali hapo kuwa nyumbani, ana haki ya kupewa njia ya kufika.

Zaidi ya hayo, si kweli kwamba reli huimarisha umbali tu. Palipo na stesheni huota masoko, karakana, maghala na ofisi. Hakuna mwenye kiwanda anayeweka kiwanda chake mahali ambapo wafanyakazi na bidhaa hutegemea barabara moja inayoua. Wadai wa reli wamekuwa wakisema kwamba stesheni za KwaMhlanga na Siyabuswa zingeweza kuvuta kazi zije kwa watu, badala ya watu kufuata kazi daima. Ni matumaini, si hakika. Iko mifano ya stesheni ambazo hazikuota kitu ila majani.

Wako pia wenye mabasi na wenye teksi, ambao riziki yao imo barabarani. Wapangaji wa reli wakiwasahau, watakutana nao barabarani kwa njia isiyopendeza, kwani nchini humo biashara ya teksi imekwisha kumwaga damu kwa sababu ndogo kuliko hii. Njia inayojulikana ni kuwafanya walishao stesheni, yaani wawachukue abiria kutoka vijijini hadi kwenye treni, kwa safari fupi na nyingi. Ni jambo linalowezekana, lakini linataka mazungumzo ya miaka, yafanywe kabla ya kuchimba msingi wa kwanza.

Hadi sasa kilichopatikana ni barabara. Kuanzia katikati ya miaka ya 2010, Shirika la Taifa la Barabara Kuu lilianza kuichukua R573 kutoka mikononi mwa majimbo na kuitengeneza kipande baada ya kipande. Yamejengwa mazunguko kwenye makutano hatari, lami imepanuliwa, njia za waenda kwa miguu zimewekwa, na sehemu nyingine zimepata taa. Wananchi wanakubali kwamba sehemu zilizokamilika ni salama zaidi kuliko zamani. Wakati huo huo wanaona hatari ya namna nyingine: kwamba kila kilomita ya lami inayokamilika itatolewa kuwa sababu ya kutojenga reli. Ndiyo maana katika mikutano yao hupokea barabara kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili huendelea kushika bango la reli.

Asubuhi ya kesho, kabla jogoo hajawika mara ya pili, mabasi yatapanga mstari tena huko Siyabuswa na Kwaggafontein. Baadhi ya watakaopanda ni wajukuu wa wale waliopigwa picha na Goldblatt, na watakwenda na mablanketi yao.